Usanisinuru: Jinsi Jani Linavyopika Chakula na Mambo Yanayoongoza Kasi Yake



Wengi wenu mnaofika madrasa jioni huwa mmetoka shule za msingi na sekondari asubuhi, na katika madaftari yenu ya Sayansi na Baiolojia tumeliona neno usanisinuru limeandikwa na kupigiwa mstari. Ukimwuliza mwanafunzi maana yake atakujibu upesi: ni kitendo cha mmea wa kijani kujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Jibu ni sahihi, na mtihani utampa alama. Lakini mpeleke shambani kule Kakese au Mwamkulu, saa nane mchana, mwezi wa pili, mvua ikiwa imekata kwa wiki mbili. Mwonyeshe mahindi yaliyojikunja majani kama mikeka iliyoviringishwa, kisha umwulize: "Jua liko tele, mbona mmea haupiki?" Hapo wengi hunyamaza. Somo letu la mwaka huu linahusu swali hilo, maana ndani yake mna chakula cha mwaka mzima cha nyumba nyingi za Mpanda, pamoja na ada za shule na sare zenu.

Mti hautokani na udongo

Tuanze na dhana iliyoenea sana, kwamba mmea hula udongo. Mtaalamu mmoja wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, Jan Baptista van Helmont, alilipima jambo hili, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1648 baada ya kufariki. Alipanda mche katika chombo chenye udongo aliokwisha kuukausha na kuupima, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulikuwa umepungua gramu 60 hivi. Basi huo mzigo wote wa kuni ulitoka wapi? Van Helmont akasema umetoka kwenye maji. Alipata nusu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa inampepea usoni kila siku, nayo ni hewa.

Katika hewa mna gesi iitwayo kabonidayoksaidi, ambayo wengine huiita hewa ukaa. Ndiyo tunayoitoa tunapopumua, na ndiyo inayotoka kwenye moto. Ni kidogo mno: katika sehemu 10,000 za hewa, yenyewe ni sehemu 4 na kitu tu. Hata hivyo mmea huikusanya, huiunganisha na maji kwa nguvu za jua, na kupata sukari iitwayo glukosi, huku oksijeni ikitoka nje. Kwa vipimo ni hivi: gramu 264 za kabonidayoksaidi na gramu 108 za maji hutoa gramu 180 za glukosi na gramu 192 za oksijeni. Jumlisheni pande zote mbili, mtaona hakuna kilichopotea.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Gunia la kilo 100 za mahindi makavu lina wanga wa kilo 60 na ushei. Ili kutengeneza kilo 60 za wanga, mmea unahitaji karibu kilo 98 za kabonidayoksaidi. Kwenye mwinuko wetu wa Mpanda, mita moja ya ujazo ya hewa ina takribani theluthi mbili ya gramu ya gesi hiyo. Chukueni darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3: hewa yake yote ina gramu 96 tu. Kwa hiyo gunia moja mnaloliona limeegemea ukuta limetoka katika hewa ya kujaza madarasa elfu moja hivi, na hapo hatujahesabu mabua, magunzi wala mizizi. Mkaa nao ni hivyo hivyo. Ni hewa ya miaka iliyopita, iliyokusanywa na miti na kushikiliwa hadi mtu alipoichoma ikarudi ilikotoka.

Jikoni mwa jani

Jani lina vijichumba vidogo sana viitwavyo seli, na ndani ya seli hizo mna chembe za kijani ziitwazo kloroplasti. Ukijani wake ni umbijani, ambao vitabu vingine huuita klorofili. Kazi ya umbijani ni kunasa mwanga. Mwanga wa jua una rangi zote za upinde wa mvua. Umbijani hunasa zaidi nyekundu na buluu, na sehemu ya kijani huirudisha, ndiyo maana sisi tunaliona jani la kijani.

Ngozi ya jani imefunikwa kwa nta ili maji yasipotee. Lakini jani likifungwa kabisa, kabonidayoksaidi itaingilia wapi? Kwa hiyo ngozi ina matundu madogo mno yaitwayo stomata, yasiyoonekana kwa macho. Kila tundu lina walinzi wawili, seli mbili zilizojikunja kama midomo. Zikijaa maji hujipinda na tundu hufunguka. Zikipungukiwa maji hulegea na tundu hufunga. Tafadhali yashikeni sana matundu haya, maana tutarudi kwayo mara nyingi.

Upishi wenyewe una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza nishati ya mwanga hupasua maji. Oksijeni hutoka, na nishati hubaki imehifadhiwa ndani ya jani kwa muda mfupi. Angalieni vizuri hapa: oksijeni hiyo hutoka kwenye maji, haitoki kwenye kabonidayoksaidi, na ni kosa jepesi kulifanya kwenye karatasi ya mtihani. Katika hatua ya pili nishati ile hutumika kuijenga kabonidayoksaidi kuwa sukari. Njia hii ilifumbuliwa na Melvin Calvin na wenzake huko Marekani, na mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Vitabu vya zamani huiita hatua ya giza, jina ambalo sisi hatulipendi, kwani humfanya mwanafunzi adhani mmea hupika usiku. Hatua ya pili haihitaji mwanga moja kwa moja, lakini hula akiba ya hatua ya kwanza. Jua likizama, nayo husimama baada ya muda mfupi.

Kilicho haba ndicho kinachoamua

Kasi ya usanisinuru ni kiasi cha sukari ambacho jani hutengeneza kwa muda fulani. Mambo makubwa yanayoiongoza ni mwanga, kabonidayoksaidi, joto, maji, na wingi wa umbijani ndani ya jani. Kuyataja hayo matano ni rahisi. Ugumu ni kujua ni lipi kati yake linalozuia mmea wako, leo, saa hii.

Mwaka 1905 Mwingereza F. F. Blackman alilieleza jambo hili kwa kanuni ambayo bado inatumika. Alisema kazi inayotegemea vitu vingi huenda kwa kasi ya kile kilicho haba kuliko vyote. Akina mama wanaopika pilau ya harusi wanaijua kanuni hiyo bila kuisoma. Una mchele wa kutosha na kuni za kutosha, lakini sufuria ni moja. Kuongeza kuni hakutaleta sahani zaidi. Ongeza sufuria, ndipo kuni zitakuwa na maana. Na ukishapata sufuria tano, huenda sasa kuni ndizo zikapungua. Kikwazo huhama.

Hili ndilo tunalotaka mlielewe kuliko yote katika somo hili. Kwenye mimea yetu ya Katavi kikwazo huhama kutoka asubuhi hadi jioni, na kutoka masika hadi kiangazi. Mwanga mara chache ndio ulio haba huku kwetu. Tulifuate jani kwa siku moja tuone.

Siku ya jani, kwa nyakati za sala

Mmea haujui saa ya ukutani. Unajua jua, kama zilivyo nyakati za sala. Mpanda ipo magharibi sana mwa Tanzania lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua la kwetu hufika katikati ya mbingu nusu saa hivi baada ya lile la Dar. Kutegemea mwezi, jua hupinduka hapa kati ya saa 6:40 na saa 7:10 mchana, na hapo ndipo Adhuhuri huingia. Kwa hiyo mtu akiwaambia "saa sita ndipo jua huwa kali zaidi", mjue kwamba kwa Mpanda bado kidogo.

Alfajiri jani halipiki. Hupumua tu, kama sisi, na kula akiba ya wanga uliowekwa jana. Wanasayansi waliochunguza mmea mmoja mdogo wa maabara wamekuta jambo la ajabu: jani hugawa akiba yake kwa usiku mzima, hivi kwamba wanga hukaribia kwisha wakati wa mapambazuko, wala haumaliziki usiku wa manane. Ni kama mtu aliyepanga daku lake vizuri. Jua linapochomoza na mwanga kufika asilimia 1 au 2 ya ule wa mchana, upishi hulingana na upumuaji. Kuanzia hapo mmea huanza kupata faida.

Asubuhi, hadi saa tatu au nne, kikwazo ni mwanga. Kadiri jua linavyopanda ndivyo kasi inavyopanda nayo, karibu sawa kwa sawa. Udongo ukiwa na unyevu, matundu yako wazi, hewa bado ina ubaridi. Hizi ni saa njema sana kwa mmea.

Kisha mambo hubadilika. Jani la maharage, karanga au mpunga hutosheka na mwanga jua linapofikia kati ya robo na nusu ya ukali wake wa mchana. Baada ya hapo, jua likizidi, jani halina la kulifanyia. Mwanga si kikwazo tena. Kikwazo ni kabonidayoksaidi iliyo haba ndani ya jani. Na karibu na Adhuhuri joto hupanda, hewa hukauka, na maji huanza kutoka kwenye matundu kwa kasi kuliko mizizi inavyoyaleta. Walinzi wa matundu hulegea na kufunga. Maji yanaokoka, lakini mlango wa kabonidayoksaidi nao umefungwa. Mmea umekaa juani ukiwa na njaa.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu la mwanzo. Mahindi yaliyojikunja mchana yanajikinga. Jani lililoviringika hupokea jua kidogo na kupoteza maji kidogo, lakini gharama yake ni kwamba halipiki. Udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, majani hayajikunji, au hujikunja kidogo na kufunguka Alasiri, saa kumi na ushei, na kupika tena hadi jua linapokaribia kuzama. Udongo ukikauka, hukaa yamejikunja hadi Magharibi, na siku hiyo yote imetoa zile saa chache za asubuhi tu. Mzazi anayepita shambani akitaka kujua hali ya maji asiende saa tano, aende saa kumi na moja jioni. Yakiwa bado yamejikunja wakati huo, jambo ni zito.

Magharibi yakiingia, upishi umekwisha. Na hapa tujibu swali la pembeni tunaloulizwa kila mwaka: je, ni hatari kulala chini ya mti usiku kwa sababu unatoa kabonidayoksaidi? Hapana. Kiasi chake ni kidogo, na upepo hukisambaza. Ndugu yako unayelala naye chumba kimoja hutoa nyingi zaidi kuliko maua ya dirishani. Ogopeni nyoka na mbu.

Kwa nini mahindi huvumilia jua kuliko maharage

Ndani ya jani kipo kimeng'enya kiitwacho rubisko. Hicho ndicho kinachoikamata kabonidayoksaidi na kuiingiza kwenye sukari. Kina kasoro moja: wakati mwingine hukamata oksijeni badala ya kabonidayoksaidi, na kila kinapokosea, mmea hupoteza sehemu ya kazi uliyokwisha kuifanya. Joto likizidi na matundu yakifunga, makosa huongezeka. Kwa mimea kama maharage, karanga, mpunga, mihogo na alizeti, katika hali ya joto kama la kwetu, hasara hiyo inaweza kufika robo ya kazi yote.

Mahindi, mtama, ulezi na miwa havipati hasara hiyo ila kwa kiasi kidogo sana. Vina pampu. Kabonidayoksaidi hukamatwa kwanza na kimeng'enya kingine kisichodanganywa na oksijeni, kisha husukumwa hadi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani kama pete, na huko ndiko rubisko iliko, imezungukwa na kabonidayoksaidi nyingi hata haina nafasi ya kukosea. Njia hii ilielezwa vizuri mwaka 1966 na M. D. Hatch na C. R. Slack, waliokuwa wakichunguza miwa huko Australia.

Matokeo yake mnayaona kwa macho. Jani la mahindi lenye maji halitosheki upesi. Jua likiongezeka linaendelea kuongeza kasi karibu hadi ukali wa Adhuhuri. Hustawi kwenye nyuzijoto 30 na zaidi, ambapo jani la maharage limeanza kuchoka. Tena hutumia maji kwa uangalifu: kutengeneza kilo moja ya mmea mkavu, mahindi hutumia maji kama kilo 300 hadi 400, ilhali maharage na mpunga hukaribia mara mbili ya hapo. Ndiyo maana mpunga wetu umekaa mabondeni kwenye maji, na mtama umekaa juu. Wazee waliozigawa ardhi hivyo hawakusoma rubisko, lakini walikuwa na macho.

Hivyo basi maharage yaliyopandwa katikati ya mistari ya mahindi hayaumizwi sana na kivuli chepesi, kwa kuwa hayana haja ya jua lote. Kivuli kizito ni jambo jingine.

Joto, rangi, na nafasi

Kuhusu joto hatutakaa sana. Vimeng'enya hufanya kazi polepole kwenye baridi na haraka kwenye vuguvugu, na vikizidishiwa joto, kuanzia nyuzi 40 hivi, huanza kuharibika. Mchicha wa bustanini unaokua taratibu mwezi Juni na Julai, ingawa unamwagiliwa na jua lipo, umezuiwa na baridi ya usiku na ya asubuhi.

Rangi ya jani inastahili maneno zaidi. Umbijani hutengenezwa kwa naitrojeni na magnesi, na rubisko nayo hula naitrojeni nyingi. Shamba likipungukiwa naitrojeni, mmea hunyang'anya majani ya chini na kuyapa ya juu. Tazameni jani la chini la mahindi: likianza umanjano kwenye ncha na kuteremka katikati kufuata mshipa mkubwa, kama herufi V, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Hapo mwanga upo, maji yapo, hewa ipo, lakini jiko lenyewe ni bovu. Samadi iliyooza vizuri, au mbolea ya kukuzia kama yurea iliyowekwa udongo ukiwa na unyevu, hutengeneza jiko. Kumwaga yurea juu ya udongo mkavu wakati wa ukame ni kununua sufuria siku ambayo mchele umekwisha.

Na nafasi je? Tumesema mwanga mara chache huwa haba Mpanda, lakini tunaweza kuufanya uwe haba kwa mikono yetu. Jani moja hunasa sehemu kubwa ya mwanga unaotumika, na jani lililo chini yake hubakiwa na sehemu ndogo tu. Ushauri wa kawaida kwa mahindi ni sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Hiyo ni miche karibu 18,000 kwa ekari. Ukidondosha mbegu tatu kila shimo na usipunguze, kila mche utakuwa kwenye kivuli cha ndugu zake, na chini ya ardhi mizizi mitatu itagombea maji yale yale. Magugu nayo hufanya hivyo hivyo, tena bila kukupa gunzi hata moja.

Wiki sita zinazoamua

Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi yakishatoa mbelewele na ndevu huanza kujaza punje, na wanga mwingi wa punje hautoki kwenye akiba ya zamani; hupikwa wakati ule ule, siku kwa siku, kwa majumaa sita hivi. Majani yanayofanya kazi kubwa ni lile lililo kwenye gunzi na yale yaliyo juu yake.

Kwa hiyo fikirini. Mahindi yaliyopandwa mvua za kwanza yatatoa mbelewele kama siku 65 baadaye, yaani Januari au Februari, na yatajaza punje udongo ukiwa bado na maji. Yaliyopandwa katikati ya Januari yatatoa mbelewele mwishoni mwa Machi, na wiki zake sita zitaangukia wakati mvua inaaga. Mabua yatakuwa marefu na ya kijani, jirani atasifu, lakini magunzi yatakuwa na mapengo na punje nyepesi. Jua la Machi ni kali sana, maana tarehe 4 au 5 ya mwezi huo, na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu na mti ulionyooka haupati kivuli mchana. Mwanga huo wote hausaidii kitu matundu yakiwa yamefungwa.

Na jambo hili tunalisema kwa uchungu kidogo: wapo vijana wanaotumwa kukata majani ya mahindi mabichi kwa ajili ya mbuzi, nao hukata ya juu kwa kuwa ni laini. Hayo ndiyo yanayojaza gunzi. Subirini punje zikomae, au kateni yale ya chini kabisa yaliyokwisha kugeuka manjano.

Wenye mashamba ya kumwagilia kiangazi wamelikwepa tatizo la maji, lakini maji hayo nayo yana wenyewe wengine. Mto Katuma unaolisha mashamba ya mpunga ndio unaoshuka hadi Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako kiangazi viboko hujazana kwenye vidimbwi vilivyobaki.

Mkipita kwenye miombo Septemba, kabla ya tone la kwanza la mvua, tazameni miti. Mingi inachipua majani mekundu kama kutu. Majani hayo machanga bado hayajamaliza kujenga umbijani, na jua la Septemba lingeyaunguza. Ile rangi nyekundu ni kama pazia la kupunguza ukali hadi jiko liwe tayari. Maji ya kuchipulia yanatoka chini sana ardhini, ambako mizizi ya mahindi haifiki. Mvua zinapoanza, majani yameshakuwa ya kijani na kazi huanza siku hiyo hiyo.

Jaribio la kufanya nyumbani

Tafuteni chupa pana ya kioo au ya plastiki inayopenya mwanga, na gugu la majini la aina ile inayoishi ikiwa imezama. Msiende mtoni au bwawani peke yenu. Maji mengi ya huku yana mamba na viboko, mwendeni na mtu mzima na kuchukua ukingoni. Kateni shina urefu wa kidole, mlizamishe katika maji safi ya mto au kisima, upande uliokatwa ukitazama juu. Wekeni chupa ndani ya beseni la maji ili joto lisibadilike sana. Bila beseni hamtajua kama kilichofanya kazi ni mwanga au ni joto.

Weka juani dakika 10, kisha hesabu mapovu yanayotoka kwenye mkato kwa dakika 5. Hamisha chini ya mwembe, subiri tena dakika 10, hesabu. Ingiza ndani ya nyumba, fanya vivyo hivyo. Mapovu hayo kwa sehemu kubwa ni oksijeni. Mkimaliza, rudisheni juani, ongezeni bikaboneti ya soda ya kuokea kiasi cha ncha ya kijiko, na hesabuni upya. Soda hiyo huongeza kabonidayoksaidi majini. Kasi ikipanda, mmejua kikwazo kilikuwa nini. Isipopanda, tafuteni kingine.

Jaribio la kupima wanga wa jani kwa iodini tunaomba mlifanye mbele ya mwalimu tu. Jani huchemshwa katika spiriti ili umbijani utoke, na spiriti hushika moto kwa urahisi. Hupashwa kwa kuwekwa ndani ya maji ya moto, moto wenyewe ukiwa umeshazimwa.

Maswali ya kujipima

Mashamba mawili ya mahindi yamepandwa siku moja. La kwanza liko jua wazi kwenye udongo wa kichanga; la pili lina mikorosho michache pembeni na udongo mweusi. Mvua imekata siku 12. Ni lipi litakalopika zaidi saa nane mchana, na ni lipi saa mbili asubuhi? Toeni sababu.

Baba amewekea mahindi yake mbolea ya kukuzia mara mbili lakini majani bado yanajikunja hadi jioni. Kikwazo chake ni kipi?

Kabla ya viwanda kuenea duniani hewa ilikuwa na sehemu 280 za kabonidayoksaidi katika milioni. Leo ni zaidi ya 420. Kati ya maharage na mahindi, ni mmea upi unaonufaika zaidi na ongezeko hilo, maji yakiwepo? Rudini kwenye habari ya pampu kabla ya kujibu.

Na la mwisho, kwa wanaopenda hesabu: nyumba yenu hula magunia mangapi ya mahindi kwa mwaka? Hewa yake ilijaza madarasa mangapi?